Mama Mkwe Ashika Mfuko

"Brigid, ambia mama yako aweke huo mfuko chini!"

"Brigid, ambia bwana yako mfuko hauwekwi chini, nyasi iko na maji, na—"

"Mwambie tunatafuta kedi, hatutafuti mama mkwe!"

"—na umwambie aache kupiga kelele, mimi si kiziwi, niko hapa nyuma yake!"

"Brigid, unaniskia?"

"Brigid, unamskia?"

Brigid alikuwa anawaskia wote wawili. Alikuwa katikati, bwana huku amempa mgongo, mama kule amempa mgongo, na yeye peke yake ndiye alikuwa na uso. Hata ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, watu walikuwa wanaskia.

Kama gazeti yako ya wiki jana ilifungia mtu mandazi kabla uisome, shika hii haraka, maana hatutasimama tena.

Callistus Okwakol, mtoto wa Malaba, ndiye alishinda Taji la Maziwa Makuu, ile gofu kubwa kuliko zote huku kwetu, mara nne mfululizo. Halafu akaoa. Halafu hakushinda tena hata kikombe cha plastiki. Wiki jana tulimwacha siku ya mwisho ya Taji, mashimo manne yamebaki, akiwa mkwaju mmoja tu nyuma ya kijana Dancan Oduori, na kedi wake Ekisa, yule wa kumbebea mfuko, amelala chini analia, mguu umeingia kwa shimo la fuko.

Na mgongo wa Callistus ni ule umepasuliwa mara mbili. Mfuko wa fimbo hawezi kuubeba hata kuupeleka kwa kivuli. Kabla mtu yeyote ajitolee, mama mmoja akatoka kwa watazamaji, akaruka kamba, akautupa mfuko begani kama gunia la mahindi.

Leonida. Mama yake Brigid.

Sasa kwa wageni wa hizi pande: mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawaangaliani usoni, hawaongei moja kwa moja. Mama mkwe akipita njia hii, wewe unaingia kwa shamba la muhogo mpaka apotee. Kitu hakitoki mkononi mwake kuingia mkononi mwako. Na kukutusi hawezi, anakuheshimu mpaka kaburini, na wewe vile vile. Wateso wanafanya, Wasamia wanafanya, Wakhayo wanafanya. Ni jambo moja ambalo Busia nzima inakubaliana bila kuitiwa baraza.

Ndiyo maana uwanja wote ulinyamaza. Hata muuza njugu alisahau kuuza.

Na leo haikuwa siku ya kunyamaza. Bingwa wa zamani anaitwa kwa Taji bila mchujo kwa miaka kumi. Huu ulikuwa wa kumi. Callistus akishindwa leo, mwaka ujao ataingia kama mimi na wewe, kwa kupita chini ya ua.

Miaka hiyo yote magazeti yameuliza swali moja: je, Okwakol anaweza kurudi? Daktari wa Nairobi alisema ni mgongo. Pasta alisema ni fimbo, ziletwe ziombewe. Mtaalamu wa chakula alisema ni ugali ya muhogo, akamkataza. Callistus alibadilisha miwani, akabadilisha viatu, akatoka Katoliki akaenda Anglikana, akaona huko pia mpira unaenda kushoto, akarudi Katoliki.

Hakuna hata mmoja aliuliza nani alikuwa kedi wake wakati anashinda.

Alikuwa Leonida. Huyu huyu. Zamani alikuwa anauza omena, wale samaki wadogo wa kukauka, wa Sio Port kwa geti ya klabu, na siku moja Callistus akakosa mpira wa karibu, mama akacheka. Si kucheka kidogo. Alicheka mpaka akaweka karai chini. "Wee! Hata omena yangu iliyokauka ingeingiza huo!" Callistus akageuka na hasira, akaweka mpira mwingine mbali zaidi, akauingiza. Akamwandika kazi siku hiyo hiyo.

Usidhani kazi ilikuwa kusoma upepo. Upepo Leonida hakujua na hakutaka kujua. Kazi yake ilikuwa matusi. Alimtusi Callistus kutoka shimo la kwanza mpaka la mwisho, na Callistus akashinda Afrika Mashariki yote mara nne ili tu huyo mama anyamaze.

Halafu siku moja mama akaja kazini na binti yake. Callistus aliangalia msichana, hakufikiria cheo cha mama mkwe kinachokuja naye. Asubuhi ya arusi, yule wa kumtusi akawa wa kumheshimu. Heshima ikaingia kwa nyumba, mpira ukaanza kwenda kushoto.

"Kwani hii ni gofu ama ni mazungumzo ya ng'ombe wa mahari?"

Huyo ni refa Paulinus. Paulinus ni mtu ambaye angeadhibu mvua kwa kuingia uwanjani bila viatu vya gofu.

"Refa, ngoja kidogo," Callistus akasema. "Brigid, beba wewe."

"Brigid," mama akasema, "kumbusha bwana yako ule mwaka ulibeba wewe. Alimaliza nyuma ya yule mzungu mwenye plasta mguuni."

Watu wakacheka. Ilikuwa kweli. Mwaka ule, kila mpira ukipotea Brigid alikuwa anasema, "Pole mpenzi, umejaribu." Callistus alipenda sana. Alikuwa wa mwisho.

"Na wewe dada," Paulinus akamgeukia Brigid, "mdomo ufungwe. Kedi ni mmoja. Ushauri unatoka kwa kedi peke yake. Ukipitisha neno moja la mchezo kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, naongeza mikwaju miwili."

"Sasa wataongea aje na wao hawaongei?" mtu akauliza.

"Hiyo si shida ya sheria."

Dancan Oduori alikuwa ameegemea fimbo yake, anatafuna chingamu. Kijana wa Burumba, kofia nyeupe, meno meupe, moyo sijui. "Mzee wangu," akamwambia Callistus, "nilale kidogo? Mtaniamsha mkimaliza ya familia."

Brigid alimwangalia Dancan. Akamwangalia bwana yake, mkono kwa mgongo, jasho kwa shingo, macho kwa bendera kama mtoto anaangalia duka limefungwa.

"Mama, beba," akasema.

"Brigid!" wote wawili pamoja.

"Abebe. Umetafuta hiki kikombe mpaka ukabadilisha kanisa. Abebe, umalize, turudi nyumbani." Akapita chini ya kamba, akasimama na watazamaji.

Haya. Mama mkwe amepata kazi. Sasa angalia vile aliifanya.

Kwanza akafungua ule mwavuli mkubwa wa gofu, akajificha nyuma yake kama mtu anaoga. Halafu akatoa fimbo, akailaza kwa nyasi, akarudi nyuma. Callistus akaja, akaiokota bila kuangalia. Hakuna mkono uligusa mkono. Wazee wawili wa Kiteso kwa kamba wakaitikiana kwa kichwa: mpaka hapo, safi.

Callistus akasimama juu ya mpira. Akangoja.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya mwavuli.

"Wewe mfuko."

Watu wakaangalia mfuko.

"Ndiyo, wewe, mfuko wa ngozi, usijifanye. Umezeeka vibaya! Unasimama hivyo kama mtu anapimwa suruali. Tumbo liko Kenya, matako yako Uganda. Na hiyo fimbo umeshika ni ya nini, kukoroga uji?"

Shingo ya Callistus ikavimba. Alikuwa hajaskia hiyo sauti ikiongea hivyo tangu arusi.

"Mfuko," akasema polepole, macho kwa nyasi, "nani amekuuliza?"

"Mfuko, hata usinijibu. Piga vibaya tu, vile umezoea. Huyu kijana mama yake amemwekea chai, inapoa."

Callistus akapiga. Usiniulize mpira uliendaje, mimi niliskia tu upepo umeraruka. Ulienda juu, ukafikiria, ukashuka kando ya bendera kama umetumwa. Akauingiza. Dancan akakosa wake. Sare!

Dancan akatema chingamu.

"Refa! Huyo mama anaongea na mfuko. Na mfuko unajibiwa. So mfuko pia ni kedi. Makedi ni wawili!"

Ungedhani Paulinus atacheka. Paulinus hacheki. Alizunguka mfuko. Akainama, akaangalia ndani.

"Mfuko si mtu," akasema.

"Uko sure?"

"Nimeangalia."

Shimo linalofuata linapita kando ya barabara ya Malaba, na pale, kama kila siku, foleni ya malori ilikuwa imelala kutoka huku mpaka kwa macho kuisha. Madereva walikuwa wamepanda juu ya makontena na vikombe vya chai. Hiyo ndiyo jukwaa yetu, haina tiketi.

"Ssebo, piga!" mmoja akaita. "Tumekaa hapa tangu juzi, tupatie kitu cha kuongea tukifika Kampala!"

"Mama, endelea kutusi huyo mfuko!"

Leonida hakuhitaji kuambiwa. "Wewe mfuko, watu wa Kampala wanakuona. Ficha uso. Kama ungekuwa jogoo, wageni wangekula maharagwe."

Callistus akainua fimbo. Akazungusha mabega. Na hapo, katikati ya mzunguko, upepo ukatoka mtoni, ukaingia chini ya mwavuli, ukaupindua wote nje ndani.

Mama mkwe akabaki wazi. Mbele yake. Uso kwa uso.

"Mayi wee!" wanawake wakapiga kelele.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Callistus alifanya kile mwanaume aliyelelewa vizuri anafanya. Alifunga macho. Fimbo ilikuwa imeshaanza kushuka, haikurudi. Mpira ukatoka kulia, moja kwa moja kwa malori. Dereva wa chai akalala chini. Paa! Mpira ukagonga ubavu wa kontena, ukaruka nyuma, ukavuka kamba, ukabiringika kwa nyasi, ukasimama karibu na bendera kuliko wa Dancan.

"Huo mpira," dereva akasema kutoka chini, "umefika mpakani na umerudi bila kupanga foleni."

Paulinus akapima kwa macho. "Uko ndani ya uwanja. Cheza."

Wakatoka hapo bado sare. Na hapo ndipo Callistus Okwakol akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka uwanjani kwa miaka hiyo yote. Alitembea kama mtu ametolewa plasta. Mwavuli umenyooshwa tena, mama nyuma yake, na hao wawili wanaongea na mfuko kama marafiki wa zamani wamepatana sokoni.

"Mfuko, unakumbuka Eldoret?"

"Mfuko, nakumbuka ulilia Eldoret."

"Ilikuwa vumbi!"

"Ilikuwa kamasi."

Upande wa kamba, Brigid alikuwa anatembea nao sambamba, hatua kwa hatua, na hakuna mtu alimwangalia. Mpaka mtangazaji mmoja wa redio akamwekea maikrofoni mdomoni.

"Mama Okwakol, tuko hewani. Kumbe jibu lilikuwa kwenu nyumbani! Ni kweli wewe ndiye ulimaliza bingwa?"

"Mimi?"

"Si ungekataa kuolewa, angekuwa na mataji kumi na nne?"

Watu wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, bado. "Nilikuwa namwambia yeye ni mzuri," Brigid akasema. "Kila asubuhi. Sikujua ni hiyo ilikuwa inamkula."

Hiyo ikaenda hewani. Na Busia nzima iko na redio.

"Huyo msichana amekula mataji mingi kuliko panya!" mama mmoja akaita.

"Si angeoa dada mwingine tu!"

"Arudishwe kwao, bingwa apate kedi!" Huyo alikuwa mcheshi wa huko nyuma, lakini watu wakaipenda, wakaipatia wimbo. Arudishwe! Arudishwe! Madereva wakashika kwa honi. Walikuwa hawajui wanaimba nini, lakini honi ni honi.

Callistus hakuskia. Mtu anayeshinda haskii kitu. Alikuwa ametoka kuingiza mpira wake, Dancan pia ameingiza wake, bado sare, na sasa wanaenda kwa shimo la mwisho. Akapiga mfuko kofi ya mapenzi.

"Mfuko!" akasema, sauti juu, furaha imejaa. "Miaka yote nimeishi na pole, pole, pole, kama mtu wa hospitali! Ningejua itakuwa hivi, mfuko, haki ya Mungu, ile arusi nisingeingia!"

Akacheka. Akangoja tusi lake.

Halikuja.

Brigid alikuwa hatua chache tu, hapo kwa kamba. Hakulia. Alichukua tu kitambaa cha kichwa, akakifungua, akakifunga tena pale pale kilipokuwa, vile mtu anafanya mikono ikikosa kazi.

Mwavuli ulikuwa umesimama. Kutoka nyuma yake mtu angeweza kumwona Brigid vizuri sana.

"Mfuko?" Callistus akaita.

Fimbo ikalazwa kwa nyasi, mwavuli ukarudi nyuma.

Shimo la mwisho lilichezwa hivyo, bila neno. Callistus alipiga wa kwanza na moto uliobaki, ukaenda. Wa pili ukaenda, lakini ulitetemeka. Wa tatu ukafika kwa nyasi fupi, ukasimama umbali wa mtu mfupi akilala.

Dancan naye alikuwa anatokwa na jasho kama sisi wote. Alihitaji kuingiza ili apite mbele. Akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena. Mpira wake ukaenda, ukazunguka mdomo wa shimo, ukachungulia ndani, ukakataa. Akaugusa ukaingia, lakini mkwaju ulikuwa umeenda.

Sasa ilikuwa rahisi, hata mtoto angeelewa. Callistus akiingiza huu mmoja, Taji ni lake. Magazeti yatapata jibu lao, na jina la hilo jibu litakuwa Brigid. Akikosa, yeye na Dancan wanarudia shimo, na huyo kijana mgongo wake ni mzima.

Arudishwe ilikuwa imenyamaza. Hata malori yalizima honi. Mtangazaji alinong'ona kwa maikrofoni kama yuko matangani.

Callistus akasimama juu ya mpira. Fimbo ilianza kuvuta kushoto, kama mwaka wa kwanza wa ndoa, kama wa pili, kama miaka yote.

"Mfuko," akasema chini chini. "Niambie kitu. Kibaya. Chochote."

Akageuza kichwa nusu, sikio kwa mwavuli.

"Mfuko, nakuomba. Niambie mimi ni mjinga."

Nyuma yake, mwavuli ulifungwa. Taratibu, chuma kwa chuma, hadi mwisho. Leonida akauweka chini kando ya mfuko. Akatembea, akazunguka mbali ili asikanyage njia ya mpira, na akaja kusimama upande wa pili wa shimo, mbele ya mkwe wake, mchana kweupe, Busia yote ikiangalia.

"Mama!" Brigid akaita kutoka kwa kamba. "Mama, unafanya nini?"

Mzee mmoja akavua kofia. Paulinus akaanza kutafuta sheria kichwani.

Callistus aliona viatu kwanza. Akangoja viondoke. Havikuondoka. Akainua macho kidogo, akashusha, akainua tena, na mara ya kwanza tangu arusi akamwangalia huyo mama usoni. Alikuwa tayari kwa tusi kubwa kuliko yote.

Leonida akapiga magoti. Mikono miwili pamoja, vile mama anamkaribisha mkwe kwake.

"Mkwe wangu," akasema, kwa sauti ambayo hakuna mtu aliwahi kuiskia kutoka kwake. "Naomba ukose."